Pampu Iliyoshikilia Mlango wa Mama

Siku tuliyomsomea mama arobaini, kijana wa mdogo wangu Hamisi alijikwaa kwenye mlango wa chumba cha marehemu. "Aah! Shangazi, hili dude la nini hapa? Litatuvunja vidole." Akaliinua, akalipima uzito mkononi, nikamwona anaangalia upande wa jalala. Nilimfokea mpaka wanawake waliokuwa wanaosha masufuria uani wakanyamaza. Nikamwambia alirudishe pale pale alipolitoa, chini ya mlango. Akalirudisha, maskini, akaondoka akinung'unika kwamba shangazi kachoshwa na msiba. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa na hasira, na nyinyi wa rika langu mtanielewa, maana vijana wetu wanaona kila kitu kizito kisichowaka taa ni chuma chakavu.

Dude lile ni pampu ya petroli, ile ya umeme, na mlango unaoshikiliwa nayo ulikuwa mlango wa gari kabla haujawa mlango wa nyumba. Jua la saa nane likiupiga, lami ya zamani iliyoingia kwenye nyufa za mbao bado inanuka. Niliinusa siku ile nikiwa nimesimama na kanga ya msiba kichwani, na hapo hapo nikawa mtoto wa Igogo, kando ya ziwa, mwenye magoti ya majivu, nabishana na baba yangu juu ya homa ya gari.

Baba alikuwa fundi mitumbwi. Watu wa ziwani walimjua Fundi Rama kwa jambo moja tu: mtumbwi wake hauvuji. Kila palipokutana mbao na mbao alijaza pamba, akaishindilia kwa patasi butu, kisha akapaka lami ya moto, na msumari uliotokeza kichwa nao akaupaka. "Maji hayana adabu," alikuwa akisema. "Ukiyaachia tundu la sindano yanaleta ukoo mzima." Kwetu hata ndoo ya bibi ilikuwa na kiraka cha lami. Bibi, mama yake baba, alidai hata ugali wa nyumba ile ulikuwa na ladha yake.

Siku hizo wakubwa hawakuwa na habari nyingine ila Uhuru. Uhuru sokoni, Uhuru kisimani, Uhuru kwenye baraza la kahawa. Baba aliwasikiliza huku anapiga randa, lakini akili yake ilikuwa kwenye gari. Alikuwa amelipata kwa mnunuzi mmoja wa pamba, gari lililoungua bodi lote likabaki injini, chesisi na magurudumu. Watu wakamuuliza atafanyia nini mifupa ile. "Bodi ni kitu gani?" akasema. "Ni mtumbwi tu wenye magurudumu chini." Na kweli, akalijengea mbavu za mvule, akalipigilia mbao, akaziba pamba, akapaka lami juu na chini, hata chesisi yenyewe akaipaka, asiiachie kutu nafasi. Majirani wakalibatiza jina Safina. Kila asubuhi mtu akipita lazima aulize, "Fundi Rama, gharika lini?"

Sasa, mbao za mlango wa gari lile zilitoka wapi? Hapo ndipo palipozuka balaa. Chumba cha baba na mama hakikuwa na mlango. Palining'inia gunia. Tangu alipomleta mama akiwa bibi harusi kutoka Bujora, baba alimwahidi mlango wa mvule, na mbao zenyewe zilikuwa chini ya kitanda zikikauka. Mama alizifuta vumbi kila Ijumaa. Asubuhi moja alirudi kuteka maji, akafagia mpaka chini ya kitanda, ufagio haukukuta kitu. Akafuata sauti ya nyundo mpaka uani, akauona mlango wake umekwisha kufungwa kwenye ubavu wa gari, una bawaba na kitasa.

Hakupiga kelele. Mama akipiga kelele mlikuwa mnapumua, maana hasira ilikuwa inatoka. Siku ile alisema polepole.

"Baba Zuhura, gari lina mlango. Mimi nina gunia."

"Mbao chache tu, mke wangu. Nitakutafutia nyingine. Kwanza upande huo ni wako, utakaa hapo kama malkia."

"Nikae niende wapi, na chumba changu kiko wazi kwa kila mpita njia?"

"Utaona! Gari hili litapanda mpaka mlangoni kwa baba yako Bujora."

"Haya. Mimi natangulia."

Akambeba Hamisi mgongoni, akachukua kifurushi. Mimi nikaachwa kwa sababu ya shule, na kwa sababu bibi alihitaji mtu wa kumtuma. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikilia kwa sauti ya kusikika mpaka kilima cha Bugando. Akainama akanifuta makamasi kwa pindo la kanga. "Nitarudi nyumba ikiwa na mlango," akaniambia. Mtoto ni mtoto. Hayo ya mlango hayakuniingia. Nililosikia mimi ni maneno ya baba: gari litapanda mpaka Bujora. Nikajiwekea moyoni kwamba siku gari litakapofika kule, mama atapanda, tutarudi naye, basi.

Kwa hiyo hapakuwa na mtu Igogo nzima aliyelitakia gari lile heri kuliko mimi. Nilikuwa natoka shule mbio, natupa ubao wangu wa kuandikia, naingia uvunguni mwa gari kabla sijala. Bibi aliacha kunitafuta uani akawa ananiita huko huko.

Safari ya kwanza ya Bujora tulikwenda mimi na baba peke yetu. Tulipita Nyakato, tukapita Igoma, watu wakitoka kuangalia mtumbwi unaotembea nchi kavu. Pampu ya petroli ya gari lile wakati huo ilikuwa ya zamani, imefungwa ubavuni mwa injini, na jua likiwa kali baba aliifunga kitambaa chenye maji. Kazi yangu ilikuwa kopo: gari likisimama nashuka, namwagia kitambaa. Baba alinieleza sababu. Petroli inachemka kwenye bomba kabla haijafika inakotakiwa, inageuka mvuke, na pampu haiwezi kuvuta mvuke. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu mzima. Lakini mimi nilikuwa nimeugua homa mara nyingi, na mama alikuwa akinifunga kitambaa cha maji hivyo hivyo kwenye paji la uso. Kuchemka, mvuke, kitambaa? Lile gari lilikuwa na homa. Sikuhitaji kuelezwa na mtu.

Kilima cha Bujora kina mawe na mpando wake haukupi nafasi ya kuvuta pumzi. Katikati ya mpando gari likakohoa, likazimika. Nikamwagia maji. Likawaka, likaenda kidogo, likazimika tena, likaanza kurudi nyuma mpaka baba akaniambia niweke jiwe kwenye gurudumu. Pale tuliposimama tulikuwa tunayaona mapaa ya nyumba za babu. Nilimwona mtu amevaa kanga ametoka, amesimama kando ya zizi, anaangalia upande wetu.

"Baba, twende kwa miguu. Ni pale tu!"

"Hapana."

"Baba, yule ni mama!"

"Nilisema gari litapanda. Sitapanda kwa miguu kama mtu aliyekuja kuomba chumvi."

Nililia, nikapiga mlango mateke, nikamwambia simpendi. Alingoja injini ipoe, akaligeuza gari, tukateremka. Mpaka Igogo sikusema naye neno, na chakula cha jioni nilikila nimempa mgongo. Bibi akacheka peke yake. "Huo ubishi," akasema, "sijui umeuokota wapi."

Kesho yake baba hakwenda kwenye mitumbwi. Alikwenda mjini kwa fundi mmoja wa magari, mtu aliyekuwa na boti lililooza sakafu. Akamtengenezea boti, naye akampa pampu ya umeme iliyotoka kwenye gari lililopinduka. Ilikuwa ndogo, nusu chuma nusu shaba, inajaa mkono mmoja. Uzuri wake, baba alituambia akiwa na furaha kama mtu aliyepata mtoto, ni kwamba haikai kwenye joto la injini. Inakaa nyuma, karibu na tangi, na badala ya kunyonya petroli kutoka mbali, inaisukuma mbele kwa nguvu. Petroli inayosukumwa haipati nafasi ya kuchemka ovyo. Na kuifunga ni rahisi, yule fundi alimwambia: waya mmoja tu kutoka kwenye betri, kupitia swichi, mpaka kwenye pampu. Ukishaifunga kwenye gari, mengine yatajimaliza yenyewe.

Tuliijaribu kwanza. Baba akailaza juu ya injini, akaigusisha waya. Tak-tak-tak-tak! Niliruka nyuma. Ilikuwa na moyo, jamani, nilisikia kwa masikio yangu. Nikaomba niishike, baba akanikatalia.

Kisha kazi ikaanza, na baba aliifanya kama anavyofanya mtumbwi. Waya aliupitisha kando ya ubavu wa gari, mbali na bomba la moshi. Palipotobolewa mbao tundu lilisuguliwa laini, palipogusa chuma waya ulivishwa mpira wa baiskeli usije ukachunika ukatoa cheche karibu na petroli. Karibu na betri aliweka fyuzi. "Likitokea la kutokea," akasema, "bora kiungue hiki kidogo kuliko sisi." Viungo vyote alivilehemu kwa risasi ya kuyeyusha, akavizungushia utepe. Pampu yenyewe akaitengenezea kitanda cha mvule chini ya kiti cha nyuma, akaifunga kwa parafujo, na kwa kuwa ni baba yangu, akazungushia lami.

Akawasha swichi. Kimya.

Akakagua fyuzi, nzima. Akakagua waya kipande kwa kipande, mzima. Akafungua pampu, akairudisha juu ya injini: tak-tak-tak! Akairudisha kitandani mwake: kimya, kama imemezwa. Alifanya hivyo tangu asubuhi mpaka adhuhuri, jasho linamtoka, na wapita njia wakaanza tena habari za gharika. Mmoja akamshauri aite shehe aje alisomee gari. Baba akarudi uvunguni. Ungemwona uso ungejua kwamba hata kama ingemchukua mwaka, gari lile lingepanda Bujora, na mimi ndani yake. Hasira yangu ya mateke iliniisha siku ile.

Nilikuwa nimechuchumaa pembeni nawaza. Na jibu nilikuwa nalo, tatizo ni kwamba hakuna aliyeniuliza.

"Baba, inataka kulala kwenye baridi."

"Nini?"

"Pampu. Si ina homa? Mimi nikiwa na homa nalala sakafuni kwenye saruji. Ukiilaza kwenye chuma inaamka. Kwenye mbao kuna joto, inazimia."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Baba hakucheka. Labda alikuwa amechoka kiasi cha kusikiliza chochote. Akaitoa pampu kwenye kitanda chake, akaingia uvunguni, akaigusisha kwenye chesisi. Kimya.

"Haya, hiki si chuma?" akasema kutoka chini. "Mbona haiamki? Nenda kacheze, Zuhura."

Sikwenda. Nilipiga magoti nikachungulia. "Chuma gani hicho, baba? Umekifunika blanketi! Mgonjwa wa homa hafunikwi blanketi la lami!"

Nilisubiri anifukuze. Badala yake nikasikia sauti ya kisu kikikwangua. Akakwangua, akapiga tupa, mpaka chuma kikatoka cheupe. Akaigusisha pampu pale. Tak-tak-tak-tak-tak!

Baba alitoka uvunguni na vumbi la lami kwenye nyusi. Akakaa chini, akaanza kucheka, na machozi yakamtoka. "Nimeuziba mwenyewe," akamwambia bibi. "Mama, umeme nimeuziba kama maji!" Ndipo akatueleza, akijieleza na yeye mwenyewe. Umeme ni kama mtoto aliyetumwa dukani, ukimpa njia ya kwenda lazima awe na njia ya kurudi, la sivyo haendi kabisa. Kwenye magari ya watu wengine unarudi kupitia mwili wa gari, maana mwili ni chuma. Yule fundi wa mjini hakuwahi kuona gari la mbao, basi hakuona haja ya kusema. Na hata pale penye chuma, baba alikuwa amepaka lami kwa mkono wake.

Bibi akavuta kanga yake akasema, "Umeme umekwisha kuujua. Sasa tusubiri umjue mke."

Akairudisha pampu kitandani mwake, safari hii na waya wa pili, kutoka mwilini mwa pampu mpaka pale penye chuma cheupe. Ilimuuma kupaacha wazi. Nilimwona ananyoosha mkono kwenye kopo la lami, anaurudisha. Mimi nilibaki na imani yangu ya homa kwa miaka mingi baadaye, na sioni aibu, maana ilitufikisha.

Tulipanda Bujora mchana wa jua kali, kusudi. Baba alisema gari likishinda jioni si ushindi. Pampu ilikuwa inagonga nyuma yangu na mimi nimegeuka nimepiga magoti kwenye kiti, naisikiliza. Tulifika pale petu penye jiwe. Nikafumba macho. Gari likanguruma, likapita, nikapiga kigelegele, mtoto mdogo vile! Likaingia mpaka uani kwa babu, kuku wakatawanyika. Babu akatoka na fimbo yake. Tukamwamkia, akaitikia, akalizunguka gari lote. "Karibu, mkwe," akasema. "Chombo chako kinanuka ziwa."

Mama alikuwa amesimama jikoni, mikono kiunoni, Hamisi miguuni. Nilimkimbilia nikamkumbatia mapaja, sikutaka kumwachia. Nilijua mambo yamekwisha. Gari si limefika?

"Umefika," mama akamwambia baba.

"Nimefika. Si nilisema?"

"Ulisema. Na mimi nilisema. Mlango wangu uko wapi?"

Ee Mungu wangu. Nilimwangalia mama, nikamwangalia baba. Ndiyo kwanza nikaelewa kwamba hawa watu wawili hawakuwa wanangoja kitu kimoja. Tungeweza kupanda kilima kile kila siku na mama asipande gari. Baba alikuwa na maneno aliyoyaandaa njia nzima, nilimsikia akiyanong'ona toka Igoma. Hakusema hata moja. Mbele ya wakwe zake akaenda kwenye gari, akatoa bisibisi, akapiga goti mbele ya ule mlango wa kama malkia, akaanza kufungua parafujo za bawaba. Moja ilikuwa imeshikwa na lami, ikamtoa damu kidole. Hakuinuka. Ulipotoka aliubeba mikononi akamletea mama, akausimamisha mbele yake.

"Huu hapa. Nisamehe."

Mama akaupapasa kwa kiganja, kama alivyokuwa akizifuta mbao zile. "Na mimi nitakaa wapi, upande hauna mlango? Si nitadondoka?"

"Utanishika."

"Mtu ana lami mpaka masikioni, nimshike wapi?" mama akasema, lakini alikuwa amekwisha kuingia ndani kufunga kifurushi, na babu alikuwa amegeukia zizini ili asionekane anacheka.

Gari lile liliishi miaka likiwa na mlango mmoja. Uhuru ulipokuja tulizunguka nalo mji, mama upande ulio wazi, kanga inapepea, watu wakimshangilia. Lilipochoka kabisa baba alilivunja, akaitoa pampu, akaileta ndani asijue aiweke wapi. Mama akaichukua akaiweka chini ya mlango wa chumba, iushikilie ili upepo wa ziwa usiubamize. Na pale ikakaa. Baba hakuacha kumtania mpaka alipotangulia mbele ya haki: "Wewe mwanamke, ulinikimbia kwa sababu ya mlango, na tangu nikupe sijauona umefungwa hata mchana mmoja." Siku moja nilikuwepo mama alipomjibu, anachambua mchele, hata macho hakuinua.

"Gunia halikuwa na hiari, Baba Zuhura. Huu nauacha wazi mwenyewe."

Haya yote nilimsimulia yule kijana jioni ya arobaini, wageni walipokwisha kuondoka na hasira yangu imepoa. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake uko kwenye kitasa cha mlango wa mama, kile kile cha gari. Nyumba ilikuwa inabaki tupu, ilibidi tuondoke.

"Sasa Shangazi," akaniuliza, "nikifunga geti la nje, na huu niufunge?"

"Uache."

Akapiga magoti, akaisukuma pampu kwa mikono miwili mpaka ikagusa mbao.